Domitian alishindwa, Trajan akaweza: Dacia iliangushwa na upanga, sururu au hela?

#1 Mzee wa Kitonga

Wakuu, salaam.

Jana usiku usingizi ulinigomea nikawa nasoma habari za Kaisari Trajan, aliyetawala Roma kuanzia 98 hadi 117, na kuna jambo limenikwama kooni.

Miaka ya 80 hivi, Wadacia (hawa waliokaa Romania ya leo) walivuka mto Danube wakamuua gavana wa Moesia (mkoa wa Roma kusini ya mto huo), Oppius Sabinus. Kaisari wa wakati huo, Domitian, akamtuma mkuu wa walinzi wake, Cornelius Fuscus, akalipize. Fuscus akafia huko huko. Mwaka 88 Warumi wakajikongoja wakashinda pale Tapae, ndani ya Dacia, lakini 89 Domitian akafunga mkataba wa maajabu: mfalme wa Wadacia, Decebalus, anapewa fedha, na juu yake anapewa mafundi wa Kirumi wakamfanyie kazi. Yaani mtu kakupiga, unamlipa, halafu unamwazima na fundi wako.

Miaka kumi na mbili mbele anaingia Trajan. Vita ya kwanza 101 hadi 102, ya pili 105 hadi 106, kwisha habari. Decebalus kajikata koo, Dacia imekuwa mkoa wa Roma, na dhahabu inabebwa kwa magari.

Jeshi ni lile lile la Kirumi. Adui ni yule yule, Decebalus. Msimamo wangu: tofauti ilikuwa mtu. Trajan alikuwa askari, anatembea kwa miguu pamoja na vijana wake. Domitian alikuwa mtu wa ikulu. Anayepinga aje na hoja, matusi aache nyumbani.

#2 Mpita Njia

Nimeshakaa siti ya mbele, karanga ninazo. Endeleeni.

#3 Fundi Nondo

Mzee, umeongea kama msemaji wa ikulu. Mtu mmoja hashindi vita kwenye milima ile. Walioshinda Dacia ni sururu na tindo.

Kuna mahali Danube inabanwa na milima mpaka inakuwa korongo, ukuta wa mwamba unashuka wima hadi majini. Hapo njia ya kupitisha jeshi haipo. Kabla vita haijaanza, watu wa Trajan walichonga njia kwenye ule ukuta: sehemu wamekata mwamba, sehemu wameining'iniza njia juu ya maji kwa boriti zilizochomekwa kwenye matundu ya jiwe. Waliacha maandishi hapo hapo, mwaka 100, yakisema milima imekatwa, boriti zimewekwa, njia imejengwa. Jiwe hilo lipo mpaka leo upande wa Serbia. Walipojenga bwawa la umeme karne iliyopita walilikata na kulipandisha juu lisizame.

Mwaka 101 wakachimba mfereji kukwepa maporomoko, ili mashua za chakula zipite.

Kisha daraja. Mhandisi Apollodorus, mtu wa Damascus. Nguzo 20 za mawe katikati ya Danube, juu matao ya mbao, urefu karibu mita 1,135. Daraja la Kigamboni lina mita 680. Piga hesabu mwenyewe, halafu uniambie habari za "mtu wa ikulu".

#4 Bibi Karafuu

Fundi, pole pole mwanangu. Daraja la mawe lilijengwa 103 hadi 105, baina ya vita ya kwanza na ya pili. Vita ya kwanza walivuka kwa mashua zilizopangwa kwa safu na kutandikwa mbao juu, kama ile Nguzo ya Trajan pale Roma (mnara wa mawe uliochongwa picha za vita hizi) inavyoonesha mwanzo kabisa wa picha zake. Na huyo Fuscus aliyekufa, naye alivuka kwa daraja la mashua. Basi daraja halielezi kwa nini mmoja aliweza na mwenziwe hakuweza.

#5 Fundi Nondo

Shikamoo Bibi. La daraja nimekubali nusu. La barabara na mfereji sirudi nyuma hata hatua moja, hivyo ni kabla ya vita na Fuscus hakuwa navyo.

#6 Mtoto wa Kambini

Namuunga mkono Fundi kwa ushahidi wa nyumbani. Marehemu baba alikuwa uhandisi wa medani, vita ya Kagera. Majeshi ya Amin yalipolipua daraja la Kyaka mwaka 1978, mto ule ule ambao jana ulikuwa safari ya dakika mbili ukageuka mpaka. Baba alikuwa anasema watu wote wanakumbuka mizinga, lakini kitu alichokiota mpaka uzeeni ni usiku wa kufunga vipande vya daraja la chuma, taa hakuna, mnapeana spana kwa kupapasa. Mpaka gari la kwanza lilipovuka ndipo wenye mizinga wakawa na kazi.

Kwa hiyo nikisoma habari za Danube namwona mtu anapapasa spana.

#7 Hesabu Kwanza

Mnazunguka. Angalieni kalenda.

Tarehe 1 Januari 89, gavana Saturninus anamwasi Domitian kule Mainz, Ujerumani, akiwa na legioni mbili, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi. Mwaka huo huo Domitian anapigwa na Wamarcomanni, kabila jingine la kaskazini ya Danube. Mtu ana moto jikoni, moto sebuleni, na Decebalus anagonga mlango. Angefanya nini? Alinunua muda. Mkataba wa 89 mimi siuoni kama aibu, ni mkopo.

Trajan alipoingia, mto Rhine umetulia na Waparthi kule mashariki wamenyamaza. Akavuna vikosi kila upande, akaunda na legioni mbili mpya, ya pili ya Trajan na ya thelathini ya Ulpia. Dola nzima ikawa na legioni 30. Na wale askari walikuwa wameshiba tayari, kwa sababu aliyepandisha mshahara kutoka denari (sarafu ya Kirumi) 225 hadi 300 kwa mwaka ni Domitian huyo mnayemcheka. Trajan alikuta ugali umeshasongwa, yeye akaleta mboga.

#8 Chuma Chakavu

Denari zipi tena? Si tulifundishwa askari wa Roma walikuwa wanalipwa chumvi?

#9 Bibi Karafuu

Hapana, Chuma. Neno la Kilatini la mshahara lina asili ya chumvi, lakini askari alilipwa sarafu. Tunayo hati ya malipo ya askari mmoja, Gaius Messius, imeokotwa Masada, ngome kule Israeli ya leo, ya zamani za Kaisari Vespasian, kabla ya Trajan kidogo. Kapokea denari 50. Makato: shayiri 16, chakula 20, viatu 5, kamba za ngozi 2, kanzu ya kitani 7.

#10 Hesabu Kwanza

16 na 20 ni 36, na 5 ni 41, na 2 ni 43, na 7 ni 50.

Kabakiwa na sifuri.

#11 Chuma Chakavu

Huyo Messius ni ndugu yangu wa damu. Mwezi uliopita hati yangu ya mshahara ilisomeka hivyo hivyo, tofauti mimi viatu sikupewa.

#12 Mpita Njia

😂😂 Uzi umeanza kunihusu sasa.

#13 Msomi wa Cluj

Wadau, mimi nilisoma Romania, Cluj, niwape ya macho.

Kwanza, daraja. Mji wa Drobeta-Turnu Severin ukishuka mtoni unakuta bonge la nguzo limesimama kwenye nyasi, mawe na zege la Kirumi, limelika kama jino bovu. Ng'ambo, Serbia, kuna jingine. Nilisimama hapo Novemba, upepo unakata masikio, nikajaribu kuunganisha nguzo mbili zile kwa jicho. Upana wa maji unatisha.

Pili, ukipanda mto kidogo karibu na Orșova unakutana na uso wa Decebalus umechongwa kwenye jabali zima, zaidi ya mita 40 kwenda juu. Msiseme ni wa kale, ulichongwa 1994 hadi 2004 kwa pesa za tajiri mmoja. Mbele yake, ng'ambo ya mto, ndiyo lile jiwe la Trajan la Fundi #3. Wamewekwa wakodoleane macho.

Tatu, na hili lilinichanganya sana: Waromania hawajachagua upande. Wimbo wao wa taifa unamtaja Trajan kwa fahari, lugha yao ni mtoto wa Kilatini, wapo kina Traian kila mtaa (hadi rais mmoja), na wapo kina Decebal vilevile. Nilimuuliza mwenye nyumba wangu, mama wa makamo, kwa nini mnamheshimu aliyewavamia. Akanijibu, "Mmoja baba, mmoja mama." Akaendelea kumenya viazi.

#14 Mzee wa Kitonga

Asante Msomi. Ila narudi kwenye hoja yangu maana naona mnaizika ikiwa hai.

Kwenye vita ya kwanza, pale Tapae, majeruhi walikuwa wengi mpaka vitambaa vya kufungia vidonda vikaisha. Mwanahistoria Cassius Dio anasema Trajan alitoa nguo zake mwenyewe zikachanwa. Nitajieni barabara iliyowahi kuvua shati.

#15 Bibi Karafuu

Kisa kizuri, mzee mwenzangu, nami nakipenda. Ila Dio aliandika zaidi ya miaka mia baadaye, na sehemu hiyo imetufikia kwa muhtasari tu uliofanywa na watu wa Byzantium. Huyo huyo Dio ndiye anayesema kabila moja lilimpelekea Trajan uyoga mkubwa ulioandikwa kwa Kilatini, kumshauri arudi nyumbani.

Trajan mwenyewe aliandika kitabu cha vita ya Dacia. Kimepotea. Kimebaki kisentensi kimoja, na kimebaki kwa sababu mwalimu wa sarufi alikitumia kama mfano: "Kutoka hapo tukasonga hadi Berzobis, kisha Aizi." Basi. Kitabu kizima cha Kaisari, tumeachiwa vituo viwili vya basi.

#16 Mzee wa Kitonga

Bibi umenisaidia bila kujua. Kasema TUKAsonga. Hakusema "nikawasogeza".

#17 Bibi Karafuu

Haya, hapo umenipata.

#18 Chuma Chakavu

Turudi kwenye uyoga. Uliandikwa na nini?

#19 Dada wa Mvita, London

Hamjambo nyote. Mie niko London na hiyo Nguzo ya Trajan nimeitizama kwa karibu kuliko walio Roma, maana katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert pana nakala yake ya plasta. Ukumbi haukuweza kuibeba yote kwa urefu, wakaikata vipande viwili vikasimama ubavu kwa ubavu kama minara. Ukipanda ghorofani watizama picha za juu bila kuvunjika shingo. Pale Roma kwenyewe nguzo ni mita 30 bila kitako chake, na picha zimezunguka kama ukili kwenye kikapu. Zikinyooshwa zakaribia mita 200.

Nilitaraji kuona damu. Nikaona watu wakifanya kazi. Huyu akata mti, huyu abeba udongo kwa kikapu, huyu apanga matofali ya udongo wenye nyasi kujenga ukuta wa kambi. Pana askari wakivuna ngano ya Wadacia kwa mundu, wamepakia nyumbu. Pana mmoja amekalishwa, tabibu amfunga paja, na uso wake umekazana kama mtu ang'olewaye jino. Trajan mwenyewe atokea kama mara 59, na mara nyingi amesimama tu, ahutubia au atoa sadaka. Simuoni akipigana hata mara moja.

Mundu sio wa kuvunia tu lakini. Wadacia walipigana kwa silaha kama mundu mkubwa, makali ndani, wa kushikwa kwa mikono miwili. Ulipasua kofia ya chuma. Warumi wakalazimika kuongeza vyuma viwili vya msalaba juu ya kofia na kuvaa mkono wa chuma upande wa upanga. Mikono hiyo yaonekana kwenye mawe ya mnara wa ushindi wa Adamclisi, Romania, uliowekwa wakfu 109. Kwenye Nguzo ya Roma haipo. Mchongaji wa Roma alitaka askari wapendeze.

#20 Sajenti Mstaafu

Dada wa Mvita umeeleza vizuri. Nami niongeze kutoka upande wa ofisi, maana nilikaa kwenye ofisi ya kikosi miaka mingi na kazi yangu ilikuwa kila asubuhi kuandika wangapi wapo, wangapi wagonjwa, wangapi likizo, wangapi wametumwa.

Kuna karatasi ya mafunjo iliokotwa Misri, sasa iko Uingereza. Ni taarifa kama hiyo ya kikosi cha kwanza cha Wahispania, wakati wa vita hizi hizi za Trajan. Tarehe 1 Januari kikosi kina askari 546. Ndani yake maakida 6, wakuu wa wapanda farasi 4, wapanda farasi jumla 119. Halafu karani anashuka kwenye pungufu. Waliokufa maji. Aliyeuawa na wanyang'anyi. Walio Galia (Ufaransa ya leo) kufuata nguo. Waliokwenda kufuata nafaka. Waliokwenda kuleta farasi. Walio milimani kuleta ng'ombe. Walio ng'ambo ya Danube kwenye msafara wa vita.

Niliposoma nilicheka peke yangu. Vita kubwa kuliko zote za enzi ile, na karani amekaa anahakikisha hesabu ya ng'ombe na hesabu ya watu zinakubaliana. Kule Dacia walichokikuta ni jeshi ambalo karani wake anajua nani amefuata nguo na nani amefuata nafaka. Sioni kama Decebalus alikuwa na karani wa namna hiyo.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu, ila najua halitapata wafuasi.

#21 Hesabu Kwanza

Sajenti, mfuasi wa kwanza mimi.

#22 Fundi Nondo

Lakini karani huyo huyo alikuwepo enzi za Domitian, Sajenti. Umerudi kwenye swali la Mzee #1.

#23 Tembo Mweupe

Naona mnasifia Warumi tu wakati walibebwa na Mwafrika. Kuna jenerali anaitwa Lusius Quietus, mtu mweusi kutoka Afrika, ndiye aliyeimaliza Dacia na wapanda farasi wake.

#24 Dada wa Mvita, London

Wapanda farasi wa Kimori wapo kwenye Nguzo, nimewaona. Hawana matandiko, hawana hatamu za maana, nywele wamesuka misokoto imewaning'inia. Wamewakimbiza Wadacia mpaka msituni.

#25 Bibi Karafuu

Tembo, nusu kweli. Quietus alikuwa Mmori, watu wa Kiberber wa upande wa Moroko na Algeria ya leo. Rangi yake hakuna aliyeiandika, kwa hiyo usimpake wala usimchubue. Alifukuzwa jeshini kabla, halafu vita ya Dacia ikamrudisha na watu wake. Nyota yake iling'ara zaidi mashariki: aliteka Nisibis na Edessa, akapewa ugavana wa Yudea, akawa konsuli, cheo cha juu serikalini Roma. Trajan alipofariki, Hadrian akaingia, na mwaka 118 Quietus akauawa. Kwa hivyo "kuimaliza Dacia" peke yake, sivyo.

#26 Tembo Mweupe

Sawa Bibi. Ila mmekubali alikuwepo.

#27 Kijana wa Mafia

Na Warumi walifika hadi huku kwetu. Rhapta ilikuwa pwani ya Tanganyika na jeshi la Trajan lilikuja kuchukua pembe za ndovu.

#28 Bibi Karafuu

Leo mmeamua nisipike. Kijana, wafanyabiashara ndiyo, jeshi hapana.

Rhapta imetajwa kwenye mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki nusu karne kabla ya Trajan: pembe nyingi za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Inasemwa pia waliokuja mara kwa mara ni mabaharia Waarabu kutoka Muza, Yemen, waliooa huku na kujua lugha. Trajan alichofanya ni kufukua mfereji wa kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, jambo lililosogeza bidhaa za bahari yetu karibu na Misri. Mwaka 106 huo huo wa Dacia, gavana wake wa Syria, Cornelius Palma, alitwaa nchi ya Wanabatea ikawa mkoa wa Arabia, na barabara ikajengwa kutoka Bostra, kusini ya Syria, hadi Aqaba kwenye Bahari ya Shamu.

Askari wa Kirumi wa kusini zaidi tunaowajua baharini walikuwa visiwa vya Farasan, karibu na Yemen. Jiwe lao ni la mwaka 144. Na walikuwa wa legioni gani? Ya pili ya Trajan, ile aliyoitaja Hesabu #7. Hapo ndipo waliposogea karibu na Mafia yako, na bado safari ilikuwa ndefu.

#29 Kijana wa Mafia

Nimepokea Bibi. Farasan naondoka nayo.

#30 Hesabu Kwanza

Dhahabu. Hamjagusa dhahabu na ndiyo iliyowapeleka.

Daktari wa Trajan, Criton, alikuwepo vitani na aliandika. Mwandishi wa karne ya 6 alimnukuu: ratili milioni 5 za dhahabu na ratili milioni 10 za fedha. Hiyo ni kama tani 1,600 za dhahabu. Haiwezekani. Mwaka 1924 Mfaransa Jérôme Carcopino akasema kuna kosa la kunakili, gawanya kwa kumi. Inabaki dhahabu tani 165 hivi na fedha tani 331. Bado ni mzigo wa kutisha. Ndiyo iliyojenga uwanja na soko la Trajan pale Roma, ndiyo iliyolipia michezo ya siku 123, wapiganaji 10,000 na wanyama 11,000 waliouawa.

Halafu migodi yenyewe, kama Alburnus Maior, ikawa ya Roma.

#31 Mzee wa Kitonga

Umeeleza walichopata. Hujaeleza walivyoshinda. Mwizi akikuta pesa chini ya godoro haina maana godoro ndilo lililofungua mlango.

#32 Msomi wa Cluj

Na hazina yenyewe ilipatikana kwa usaliti, kwa mujibu wa Dio. Decebalus aliwafanyisha mateka kazi ya kuugeuza mto Sargetia, akafukia mali chini, akaurudisha mto kwenye njia yake, akawaua mateka. Rafiki yake mmoja, Bicilis, alipokamatwa akataja. Ila haikupatikana yote: bangili nzito za dhahabu za mtindo wa nyoka zimefukuliwa na wezi wa mambo ya kale kwenye milima ya Sarmizegetusa, mji mkuu wa Decebalus, zama zetu hizi. Baadhi zimerudishwa, ziko Bucharest kwenye makumbusho.

#33 Mama Kanga Moja

Mimi ni msomaji wa kimya kimya lakini naomba niseme. Mnatafuta kwa nini Trajan alishinda, hakuna anayetafuta kwa nini Decebalus alishindwa.

Mwaka 102 alisalimu amri akaachwa na ufalme wake. Masharti: toa silaha, rudisha mafundi, bomoa ngome. Angetulia angekufa mzee kitandani. Akajenga ngome upya. Vita ya pili ilipoanza akamwalika kamanda wa Kirumi, Longinus, kwa mazungumzo, akamteka, akataka kumbadilisha na nchi ng'ambo ya mto. Longinus akapata sumu akanywa ili Kaisari wake asifungwe mikono. Hapo Decebalus akabaki hana mateka, hana mkataba, na daraja la Fundi limeshakamilika.

Kuna watu ukiwasamehe deni wanarudi kukopa. Nina shemeji yangu wa hivyo.

#34 Chuma Chakavu

Shemeji naye ana ngome?

#35 Mama Kanga Moja

Ana duka la vipuri. Usinichekeshe.

#36 Sajenti Mstaafu

Mama umesema kweli. Na mwisho wake tunaujua kwa mdomo wa aliyekuwepo, jambo la nadra sana. Mwaka 1965 huko Ugiriki, karibu na Philippi, lilipatikana jiwe la kaburi la mpanda farasi, Tiberius Claudius Maximus. Alilisimamisha mwenyewe akiwa hai. Ameorodhesha vyeo vyote kama mtu anayeandika barua ya kuomba kazi, na katikati anasema alimkamata Decebalus na kumpelekea Trajan kichwa chake pale Ranisstorum. Juu amechongwa farasi anakimbia, na mfalme ameanguka chini, kisu chake kilichopinda kinamtoka mkononi.

Maximus huyo alianza utumishi kwa Domitian, na Domitian alimtunuku nishani kwenye vita ya Dacia. Trajan akamtunuku tena. Mzee wa Kitonga, jeshi lile lile kweli, hadi mtu mmoja mmoja.

#37 Mpinzani Mpole

Samahani kuchelewa. Naona wote mmekubaliana kuwa Trajan alifanikiwa. Mimi hapana.

Tizameni mashariki. 114 anaichukua Armenia, 116 anauteka mji mkuu wa Waparthi, Ctesiphon, anashuka hadi Ghuba, anaiona meli inakwenda India, anasema angekuwa kijana angeenda. Sawa. Nyuma yake huku kila alichokitwaa kinaasi. 117 anauzingira mji wa Hatra jangwani, joto, nzi mpaka kwenye chakula, anashindwa. Anaugua, anafia Selinus kwenye pwani ya Uturuki, Agosti ya mwaka huo huo. Hadrian anaingia, anaiachia Mesopotamia. Na kwa mujibu wa Dio, Hadrian huyo ndiye aliyeng'oa sehemu ya juu ya daraja la Danube akihofia maadui walitumie kuvuka kuja huku.

Kwa hiyo barabara ilikuwepo, karani alikuwepo, fedha ilikuwepo, Kaisari anayetembea kwa miguu alikuwepo. Mbona Hatra haikuanguka?

#38 Mzee wa Kitonga

Alikuwa na miaka 63, mkuu.

#39 Fundi Nondo

Maji. Hatra maji na majani ya farasi hakuna, mzingiraji ndiye anayezingirwa. Sarmizegetusa inasemekana mabomba ya maji yalikuwa nje ya ukuta, Warumi wakayakata.

#40 Hesabu Kwanza

Na Dacia ilidumu mikononi mwa Roma mpaka Kaisari Aurelian alipoondoa jeshi, miaka kama 165. Seneti ilikuwa inawatakia makaisari wapya wawe na bahati kuliko Augusto na wema kuliko Trajan. Mpinzani, aliyefeli hatakiwi mfano.

#41 Mpinzani Mpole

Seneti ilisema wema. Haikusema vita.

#42 Mama Kanga Moja

Fundi, swali la mjinga. Hizo nguzo 20 walizijengaje katikati ya mto unaokwenda?

#43 Fundi Nondo

Si la ujinga, ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu. Dio mwenyewe anashangaa, anasema mto haukuweza kuchepushwa. Wengi wa fani yetu wanafikiria vizimba: unapigilia magogo mtoni kwa duara, unaziba mianya kwa udongo wa mfinyanzi, unakamua maji, unajenga ndani pakavu. Wengine wanasema hapana, kiangazi maji yakishuka sehemu ya mto ilipelekwa kando. Kila upande una watu wake.

Mwaka 1856 Danube ilipungua sana nguzo zote 20 zikaonekana. 1906 tume ya usafiri wa mto ikaamua kuvunja mbili kwa kuwa zinasumbua meli.

#44 Mpita Njia

Mafuriko ya miaka 1,800 yameshindwa, tume ikaweza.

#45 Chuma Chakavu

Kwa hiyo zimebaki 18?

#46 Fundi Nondo

Watafiti wa 1982 walihesabu 12. Sita hazikuonekana.